Cheche Ndani ya Mafuta ya Taa

Nilisoma hadi darasa la tatu, shule ya misheni pale Kilimatinde, na hilo la tatu sikulimaliza kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine. Naliandika mwanzoni ili ninyi vijana mnaotoka vyuo vya ufundi na vyeti ndani ya bahasha za kaki msiseme nimelificha. Nimewafundisha kazi watu waliosoma mpaka nywele zikawapungua. Mmoja wao leo ni mhandisi mkubwa, na akiniona barabarani Singida mjini husimamisha gari na kuniamkia shikamoo, ingawa tumepishana miaka michache tu. Sikuacha kazi kwa uzee, maana mzee bado sijawa. Niliacha kwa sababu ya macho, na macho yaliharibiwa na cheche. Basi nitawaandikia habari za cheche.

Cheche mnayoijua ninyi ni ya hewani: ya plagi, ya kuchomelea, ya waya ulioguswa na mtu mzembe. Cheche iliyo ndani ya mafuta ni kitu kingine kabisa. Hewani inaruka na kupotea. Ndani ya mafuta imebanwa pande zote, kwa hiyo hasira yake yote inaishia kwenye chuma. Mafuta yaliyo jirani yanachemka mara moja, kiputo kinavimba, kinapasuka, na kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya vumbi kinang'oka. Ukirudia mara elfu nyingi, umekula chuma ambacho keekee inashindwa kukikwaruza.

Hayo sikusoma popote. Niliyaona kwa macho yangu, nikiwa mfagiaji.

Uhuru ulikuwa bado mchanga nilipoajiriwa kwenye mtambo wa umeme wa dizeli, mjini. Nilifagia, nikafuta mashine, nikachota mafuta. Fundi mkuu alikuwa Mzee Sudi, mtu wa Tabora, mwenye sauti ndogo na mkono mzito. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupima mafuta ya transfoma. Mafuta hayo yanatakiwa yawe makavu. Yakiingiwa na unyevu kidogo tu, umeme unapata njia ya kupita na transfoma inaungua. Basi kulikuwa na kikombe cha kioo, ndani yake vitufe viwili vya shaba vilivyotazamana, katikati nafasi ndogo ya kupitisha sarafu. Unamimina mafuta, unasubiri yatulie, halafu unazungusha gurudumu na umeme unapanda polepole. Mafuta makavu yanavumilia mpaka sindano ya kipimo inafika mbali. Mafuta yenye maji hayafiki kokote. Unasikia "tak!" na cheche ya buluu imepita kati ya vitufe.

Siku moja Mzee Sudi alinikuta nimeinama juu ya kikombe.

"Unatafuta nini humo, samaki?"

"Mzee, vitufe vina mashimo."

"Vina mashimo kwa sababu cheche zinavila. Ndiyo maana tunavisugua. Chukua msasa."

Nikachukua msasa, ule wa kukwangulia rangi ya milango. Nikasugua kwa bidii ya mtu anayetaka kupandishwa cheo. Vitufe vikapoteza uduara, vikawa kama viazi, na wiki nzima kila mafuta tuliyoyapima yalionekana mabovu. Pipa zima la mafuta mazuri lilitolewa nje kabla Mzee Sudi hajavitazama vitufe vyenyewe. Hakunipiga. Alinipa kitambaa laini na vumbi la kung'arishia, akaniketisha kwenye benchi siku mbili nikivirudisha kwenye hali yake. "Uso wa kitufe ukiharibika," alisema, "kipimo kinasema uongo na wewe utaapa ni kweli."

Katika siku hizo mbili ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Wenzangu wote walikuwa wameviona vile vishimo na kuona ni kero. Mimi niliona ni kazi. Kama cheche inakula kitufe bila kutumwa, itakula nini ikitumwa? Miaka baadaye nilisikia kwamba huko viwandani kuna mashine kubwa za namna hiyo, zinachonga vyuma vigumu ndani ya mafuta. Mimi sikuwa nimeambiwa na mtu.

Mashine yangu niliitengeneza kwa vitu vya jalalani. Koili nene kutoka kwenye stata ya lori bovu. Springi. Kipande cha chuma kinachovutwa na koili, na kwenye ncha yake bomba jembamba la shaba, la mafuta ya breki. Umeme wa betri unapita kwenye koili halafu unashuka kwenye bomba. Bomba likigusa chuma kinachotobolewa, koili inapata nguvu na kulivuta juu. Likiachana na chuma, cheche inaruka na koili inapoteza nguvu. Springi inalirudisha chini, linagusa tena. Ikienda vizuri inanguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Ikinyamaza, zima, kwa sababu kuna kitu kimeharibika.

Jaribio la kwanza nilifanya kwenye benchi la Mzee Sudi akiwa msikitini. Nilitia mafuta ya taa kidogo sana, nikiyaonea huruma, na cheche ikaruka juu ya uso wa mafuta badala ya chini yake. Nyusi zangu zilichukua miezi kuota. Kwa hiyo sikilizeni: cheche lazima izame. Mafuta yaifunike kwa kina cha vidole viwili au zaidi, na gunia bichi liwe miguuni pako. Mzee Sudi aliporudi alitazama benchi lililoungua, akanitazama mimi, akasema, "Sasa unafanana na vile vitufe." Lakini alipoona nati niliyokuwa nimeitoboa, aliigeuza-geuza mkononi kwa muda mrefu na hakuirudisha. Aliondoka nayo.

Sasa nije kwenye kijiji.

Ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijiji vya Ujamaa, na mimi nilikuwa nimeshahama umeme nikaingia kazi ya mashine za maji. Upande wa Mgori kulikuwa na kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kisima kirefu katikati, na juu ya kisima injini ya dizeli ya kuvuta maji. Watu walikubali kuhamia pale kwa sababu ya ile injini tu. Mwenyekiti wao, Mzee Kitundu, alikuwa amezunguka boma kwa boma akiwaahidi maji. Nilipofika, injini ilikuwa imelala wiki mbili na akina mama walikuwa wanakwenda kuchota kwenye mto mkavu, kwa kuchimba mchanga, nusu siku kwenda na kurudi.

Mzee Kitundu alinipokea, tukasalimiana, akanieleza bila kuzunguka.

"Fundi, mkoa wameleta habari. Jumamosi lori linapita. Injini isiyofanya kazi inapakiwa, inapelekwa kijiji kingine chenye kisima bila injini."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano. Hawa watu nimewaleta mimi. Injini ikipanda lori, Jumapili watakuwa wameng'oa milango yao na kurudi walikotoka."

Na kweli milango ndiyo waliyokuja nayo, mbao nzito za mti mmoja, nayo ndiyo wangeondoka nayo.

Ugonjwa wa injini ulikuwa mdogo. Kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, tundu la skrubu inayoshikilia nozeli ya kupulizia dizeli lilikuwa limekwisha hesi, ile mikato inayoishika skrubu. Nozeli inacheza, moto unavuja, injini haina nguvu. Dawa yake ni kuchonga hesi mpya, kubwa kidogo, kwa kile chuma kigumu cha kuchongea hesi. Kazi ya saa moja. Mtu wa mashine pale kijijini alikuwa Ntandu, kijana mkimya, mwenye mikono safi kuliko ya fundi yeyote niliyemjua. Tulifungua hedi, tukaiweka juu ya meza, na nusu ya kijiji ikaja kutazama.

Hapo ndipo nilipokosea. Chuma cha kuchongea hesi kinakwenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kuvunja yale makapi, na unatia mafuta kila mara. Ninajua hivyo usingizini. Lakini nilikuwa na watazamaji, nilikuwa ninawasimulia habari za mjini, na mkono ukasahau robo ya nyuma. Kak! Chuma kilikatikia ndani, kikazama chini ya uso wa hedi, hakuna hata pa kushikia.

Mzee Kitundu aliuliza, "Kimetokea nini?"

"Chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani," nikasema.

Ntandu alinitazama, akafuta mikono yake. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Ntandu ndiye aliyeharibu, kwa sababu mtu wa mashine ndiye anayeharibu mashine. Nilisikia, nikanyamaza.

Chuma kile ni kigumu kuliko keekee. Ukikitoboa, keekee inateleza na kupoteza makali. Ukikipiga tindo, hedi ni chuma cha kalibu, inapasuka kama chungu. Ilibaki cheche. Mashine yangu nilikuwa nayo kwenye sanduku, siendi popote bila hiyo. Betri tulichukua ya trekta la kijiji na nyingine niliyokuja nayo. Ukuta wa kuzuia mafuta kuzunguka tundu nilijenga kwa udongo wa kichuguu, unashika kuliko saruji. Kilichokosekana kilikuwa mafuta ya taa. Duka la kijiji lilikuwa halijayaona kwa muda mrefu.

Mzee Kitundu akapiga mbiu: kila nyumba ilete kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kutoka kwenye koroboi yake. Alhamisi asubuhi walikuja kwa mstari, kila mama na koroboi yake mkononi, wakamimina kwenye sufuria.

"Fundi," akasema mmoja, Mama Yohana, mwanamke mrefu mwenye maneno, "tukikanyaga nyoka gizani, jina lako ndilo tutakalolitaja hospitali."

"Litaje vizuri," nikamwambia, "waandike na kazi yangu."

Wakacheka, wakasemezana kwa Kinyaturu, wakacheka zaidi. Sikuuliza.

Nikamimina mafuta, nikaunganisha betri, nikashusha bomba la shaba. Mashine ikanguruma mara mbili tatu, halafu ikanyamaza. Chini mle ndani mafuta yakaanza kutoa mapovu kama uji. Hakuna cheche. Bomba likapata moto, waya zikapata moto, na betri zikashuka mbele ya macho yangu. Nikasema betri zimechoka. Tukawasha trekta kwa kulisukuma ili kuzichaji, tukala dizeli yote iliyokuwa kwenye debe isipokuwa ile ya kujaribia injini. Alasiri nikaanza tena. Mapovu yaleyale. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na hilo ni baya kuliko kuzomewa.

Ijumaa asubuhi niliacha kuilaumu betri. Nikamkumbuka Mzee Sudi. Yeye, kama hana kikombe cha kupimia, alichovya chuma cha moto kwenye mafuta ya transfoma akasikiliza kama yanatatarika, maana maji yakikutana na moto yanapiga kelele. Usithubutu kufanya hivyo kwa mafuta ya taa. Yanalipuka na wewe. Nilichukua chupa ya kioo, nikaijaza mafuta ya kwenye sufuria, nikaiweka juani juu ya jiwe, nikasubiri. Yalipotulia niliona chini ya chupa kitu kinaviringika kama shanga. Maji. Nikamwaga mafuta, nikagusa yale maji kwa kidole, nikaonja. Chumvi kali.

Nikaita. "Nani ametia chumvi kwenye mafuta?"

Mama Yohana alikuwa anapita na ndoo. Alinitazama kama mtu anayeulizwa nani ametia chumvi kwenye mboga.

"Wote," akasema. "Koroboi bila chumvi, mafuta yanakwisha upesi. Mjini mnatia nini, sukari?"

Kila nyumba, fundi akiomba kijiko, inaleta kijiko chenye chumvi yake. Chumvi yenyewe ni ya kukwangua kwenye mabwawa, haikauki hata uianike mwezi, inavuta unyevu wa hewa. Katika koroboi haina neno. Katika tundu langu ilizama chini kabisa, ikawa tope la maji ya chumvi, na umeme ukapita humo kimyakimya ukichemsha tope badala ya kuruka. Umeme hauruki pale unapoweza kutembea.

Nilifanya yale tuliyokuwa tunafanya mjini kwa mafuta ya transfoma, ila kwa vyombo vya kijiji. Kwanza, chupa zote zilizopatikana, mafuta yatulie, kisha kumwaga ya juu tu. Halafu kuyachuja kwa karatasi inayonyonya maji. Mwalimu wa shule alikuwa na bunda la karatasi za kukaushia wino. Nilimkuta amelikalia.

"Watoto watakaushia nini?"

"Mchanga, mwalimu. Walimu wangu walitumia mchanga."

"Ndiyo maana ukaishia la tatu."

Lakini alinipa. Tulizikausha kwenye bati la paa la shule, juani, mpaka zikawa zinakatika kama chapati za jana, tukazikunja kwenye faneli, mafuta yakapita tone kwa tone. Tundu nilifuta kwa pamba kavu, nikalisuuza mara tatu kwa mafuta safi. Ilikuwa saa nane za mchana niliposhusha bomba tena.

Ilinguruma. Wale waliokuwa mbali walisikia, wakarudi. Chini ya mafuta kulikuwa na nyota moja ya buluu isiyozimika, na kutoka kwayo moshi mweusi ulipanda ndani ya mafuta kama wino. Ule weusi ndio chuma chenyewe, kimekuwa unga. Usipouondoa, cheche zinapotea njia na kula ukuta wa tundu. Nilimkalisha Ntandu na unyoya wa kuku, kazi yake kuinua ule weusi nje kila nilipoinua bomba. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Kama ningekuwa na msaidizi kama yeye kule mjini ningekuwa mtu mkubwa zaidi ya hivi nilivyo.

Tukiwa katikati ya kazi alisema, bila kuinua macho:

"Fundi, watu wanasema ni mimi."

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema shika unyoya vizuri."

Akashika. Jua lilipozama tulikuwa nusu ya safari, betri zimeisha. Kulipokucha tulichaji kwa ile dizeli ya kujaribia injini, tukijua kwamba injini ikiwaka itawaka kwa kilichobaki ndani ya tangi lake tu. Saa nne asubuhi ya Jumamosi bomba lilitumbukia chini ghafla, moyo wote wa chuma umeliwa. Nilichokonoa kwa sindano nene, na meno manne ya kile chuma yakatoka moja moja, membamba kama maganda ya mtama. Hesi ilikuwa imebaki nzima. Nikamaliza kuichonga kwa chuma changu cha akiba, safari hii robo nyuma kila mara, mdomo nimefunga.

Hedi ilikuwa bado mezani lori lilipoingia. Vijana sita, kamba, magogo ya kuviringishia, na nyuma yao ofisa mmoja mwenye suti ya kaunda na daftari. Nyuma ya lori walikuwa wametandika magunia ili injini isiumie.

"Ndugu mwenyekiti," ofisa alisema, "inafanya kazi?"

"Karibuni kwanza mnawe mikono," akajibu Mzee Kitundu.

"Tuna safari ndefu."

"Ndiyo maana nasema mle."

Na huku kwetu mgeni akishakaribishwa chakula hapakii kitu. Ofisa alikuwa mtu wa kuelewa mambo, akakaa. Mama Yohana akachukua kazi hiyo mikononi mwake. Kwanza kuku alitafutwa, na yule kuku, nasikia, alifukuzwa vijiji viwili. Halafu kuni zilikuwa mbichi. Halafu mwiko haukuonekana. Vijana sita wa lori walikaa kivulini wakinusa. Sisi tulifunga hedi, bolti kwa bolti, kwa mpangilio wake, wala sikuharakisha hata moja.

Ugali uliposhuka mezani, Ntandu alishika hendeli ya kuwashia injini. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, ikatoa duara la moshi, ikatulia kwenye mdundo wake, na baada ya muda maji yakaja kwenye bomba, kwanza mekundu, kisha safi. Akina mama hawakupiga vigelegele mara moja. Walikwenda kuchukua ndoo kwanza, ndipo wakapiga.

Ofisa alisimama na tonge mkononi, akasikiliza injini, akalimeza tonge, akafungua daftari.

"Nimeambiwa kuna chuma kilivunjwa ndani. Mali ya umma hiyo. Mtu wa mashine ni nani? Aandikwe, na kazi hii apewe mwingine."

Watu wote wakamtazama Ntandu. Ntandu alitazama mikono yake.

Sikupenda kusema. Jina langu mkoa mzima lilikuwa safi, nilikuwa nimelijenga bila shule na bila mjomba ofisini. Lakini nilikuwa nimeiona ile mikono siku nzima.

"Mimi ndiye niliyekikata, ndugu," nikasema. "Nilikuwa naongea na watu nikasahau kurudi nyuma. Huyu hakugusa."

"Wewe ndiye fundi wa mkoa?"

"Ndimi."

"Na aliyekitoa ni nani?"

"Mimi pia. Huyu alinisaidia. Hakuna mtu mwingine hapa nchini anayeweza."

Mama Yohana akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Na chumvi tulitia sisi."

Ofisa alifunga daftari bila kuandika. Alinitaka nimwonyeshe mashine, nikamwonyesha. Akatazama koili, bomba, udongo wa kichuguu, unyoya wa kuku. Akaniuliza nina mafuta makavu kiasi gani. Nikamwambia chupa tatu.

"Nina injini nne zimelala na vyuma vilivyokatikia ndani," akasema. "Itigi moja, nyingine njiani. Panda."

Nikamwachia Ntandu hendeli na maneno machache kuhusu robo ya nyuma, ambayo hakuyahitaji. Vijana sita wakapandisha sanduku langu kwa kamba zilezile. Nikaondoka pale nimekaa mahali pa injini, juu ya magunia waliyoitandikia.